Ofisi Bila Mimi

Jumatatu, 3 Juni

Nimeitwa na ofisa utumishi. Nikajua ni cheo! Mkuu wetu wa masjala anastaafu mwisho wa mwezi, na kile kiti kinaniita mimi. Nikanyoosha kola, nikapiga hodi.

Kumbe likizo. Anasema miaka nenda miaka rudi sijachukua likizo yangu ya mwaka, na nisipoichukua safari hii siku zinapotea hivi hivi. Nikauliza, mshahara je? Akasema unaingia kama kawaida, ndiyo maana ikaitwa likizo yenye malipo, mzee, nenda ukapumzike. Mzee! Yeye mwenyewe ana mvi hadi kwenye nyusi.

Nikamwambia bila mimi ofisi itaanguka. Akasema ikianguka, mkurugenzi anaweza kunirudisha kwa dharura, na siku zilizobaki nitazimalizia baadaye.

Hapo akili ikawaka. Kurudishwa kwa dharura! Mbele ya wote! Baada ya hapo kiti watampa nani? Kasuku? Huyu ni karani mwenzangu, tunamwita hivyo kwa sababu mdomo wake haujawahi kupumzika. Na ndiye atakayeshika meza yangu. Safi kabisa.

Ijumaa, 7 Juni

Wenzangu wametoka, mimi nikabaki. Nimepanga upya mafaili yote ya viwanja. Si kwa namba, si kwa herufi. Kwa ukorofi wa wenyewe! Wapole rafu ya chini, wagomvi juu, na wanaokuja na shangazi zao wana rafu yao peke yao. Ni mimi tu ninayewajua. Mgongo umekatika.

Nimecheka peke yangu mpaka getini. Mlinzi akaniuliza kama niko sawa.

Jumatatu, 10 Juni

Likizo imeanza. Nimeamka alfajiri, nimevaa suti. Mke wangu akauliza naenda wapi. Nikamjibu kwamba siendi popote, ila nitaitwa. Akanitazama juu mpaka chini, akanikabidhi brashi. Anasema ukuta wa sebuleni umeomba rangi tangu mtoto wetu wa mwisho anatambaa, na sasa anaota ndevu.

Nikapaka rangi na tai shingoni, simu mfukoni, sauti imefunguliwa yote. Saa nne ikalia! Nikaruka kutoka kwenye stuli, nusura nivunjike nyonga. Alikuwa shemeji. Anaulizia ngazi yake.

Jumatano, 12 Juni

Kimya. Nimemwomba mke wangu anipigie, nione kama simu ni nzima. Nzima. Nikamwomba ajaribu tena kwa simu ya mwanetu. Amesema nikimsumbua mara nyingine ataitumbukiza chooni.

Alhamisi, 13 Juni

Uvumilivu umenishinda. Nimepiga ofisini mwenyewe. Nikabana pua, nikajifanya mwananchi mwenye hasira, nikataka faili la yule bwana anayegombana na jirani yake kuhusu ukuta. Rafu ya juu kabisa, nyuma ya bomba! Nikakaa mkao wa kusikiliza Kasuku akihangaika.

Hata sijamaliza kukohoa, analo mkononi. Akanisomea. Akauliza kama nina swali jingine. Akanishukuru kwa kupiga simu. Kushukuru! Masjala yetu! Na kabla ya kukata akanitakia likizo njema.

Nimekaa chini kando ya ndoo ya rangi. Nimeumia, siwezi kuficha. Mke wangu aliponiona hivyo akaniletea chai, akasema basi leo nipumzike. Nikamwambia tatizo ni hilo hilo.

Jumanne, 18 Juni

Mkurugenzi amepiga! Mwenyewe! Nikasimama wima, nikafunga vifungo vya koti, nikamwambia asiwe na wasiwasi, nipewe nusu saa tu nitakuwa nimefika.

Akasema nisije. Alitaka kujua tu kama ningependa kuongeza siku, maana bado ninazo, na kazi inakwenda vizuri ajabu. Foleni ya wananchi inaisha kabla ya chai ya saa nne. Hajawahi kuona kitu kama hicho.

Nikasema nitafikiria. Nikarudi kwenye brashi yangu, nikapaka rangi kioo cha dirisha chote bila kujua.

Jumatatu, 24 Juni

Nimeripoti. Rafu zinang'aa, kila faili lina namba mgongoni. Kasuku anasema asubuhi moja ilitosha. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama rafu zilianguka siku nilipoondoka. Nikasema ndiyo, zilianguka.

Mwananchi wa kwanza nilimtafutia faili mpaka akasinzia kwenye benchi. Kasuku alilitoa kwa vidole viwili huku anaongea na simu.

Saa sita tangazo limesomwa. Mkuu mpya wa masjala, kuanzia leo: Kasuku. Nimepiga makofi kuliko wote ili nisionekane nimeumia. Macho yananiwasha, bila shaka ni ile rangi.

Jioni nimemweleza mke wangu yote. Akasema pengine wakati umefika nifanye kazi kama watu wengine, nisitake kila ngoma ipigwe kwa ajili yangu tu. Namhurumia. Hajafanya kazi serikalini.

Jumanne, 25 Juni

Nimeligundua kosa! Wiki mbili ni chache mno! Kwa wiki mbili mtu hata hajaanza kukumbukwa. Walikuwa bado wanateleza kwa nguvu zangu za nyuma.

Nimekwenda mbio kwa ofisa utumishi, nimeomba siku zangu zote zilizobaki kwa mpigo. Akasema lazima mkuu wangu akubali kwanza. Nikampelekea Kasuku. Amesaini papo hapo, haraka haraka, mpaka kalamu ikatoboa karatasi, kisha akanisindikiza mwenyewe hadi getini na mkoba wangu amenibebea.

Maskini. Hajui kinachomjia.