Hina ya Maria wa Magongo

Shoga zangu Rukia na Mwanasha,

Leo nimeadhirika. Si kidogo. Nimeadhirika mbele ya kwaya nzima, na barua hii msimsomee mtu.

Naandika niko Magongo, nyumbani kwa bibi harusi, nangoja hina iive. Hina ya pili. Ya kwanza ilikokwenda ndiko kwenye kisa chenyewe.

Mnajua nilivyoitafuta kazi hii. Tangu nianze kupaka hina huko kwetu Likoni, huku Changamwe, na Magongo yake, sijaitwa hata siku moja. Juzi akaja Bi Khadija, shangazi yake bibi harusi, akaniambia, "Mishi, ukimpaka Zena akapendeza, mtaa wote huu ni wako. Ukimharibu, usije tena hata kusalimia." Nikamuuliza nyumba nitaijuaje. Akasema, "Ina taa za rangi kuanzia paani mpaka mlangoni. Ukiziona, ingia tu."

Nikaroweka hina tangu alfajiri, na ndimu na maji ya chai, nikaifunga vizuri kikapuni. Alasiri nikavuka kwa feri. Lakini jamani, mjini! Maduka yamevishwa taa za Krismasi, nyekundu, kijani, zawaka zazimika. Kuna nyota kubwa imetundikwa juu ya barabara, na watu wametoka na watoto wao kuja kutazama. Nikasimama kidogo. (Uongo. Nilisimama mpaka miguu ikaniuma, tena nikanunua na mhogo wa kukaanga.) Nilipokumbuka Magongo, magharibi ishaadhiniwa.

Nikafika mbio, buibui limekwenda upande. Natazama hivi, nyumba ina taa za rangi kuanzia paani mpaka mlangoni. Uani wanawake wanaimba. Kondoo amefungwa kwenye mpapai, nikasema moyoni, pilau ya kesho hiyo. Na katikati, juu ya kiti, msichana amejitanda shali nyeupe, ameinamisha uso kwa haya. Sasa nani angeuliza? Kwetu nyumba ikivishwa taa ni harusi, basi. Nikapiga kigelegele kimoja mpaka kondoo akaruka.

Mama mmoja mnene akanijia akitabasamu. Huyo ndiye mwenye nyumba, Mama Mutua, watu wa bara.

"Umekuja kumpamba? Karibu! Mwalimu alisema atatuletea mama wa pwani."

Mwalimu gani, sikuuliza. (Nilidhani ni mwalimu wa chuo cha Kurani atakayesoma dua.) Nilikuwa nimechelewa, nikaketi, nikaushika mkono wa msichana nikaanza.

Tena leo nilipaka! Maua mpaka viwikoni, piko, ile rangi nyeusi, nimeizungusha kwa mkono usiotetemeka. Nikamaliza mikono nikashuka miguuni. Wale wanawake wakaacha kuimba, wakanizunguka. "Haki ya Mungu, huyu mama ni fundi!" Kichwa kikanivimba. Nikaona Changamwe yote ishakuwa yangu.

Jambo moja tu lilinikera. Msichana mwenyewe mdogo, hajatimiza hata kumi na saba. Nikamnong'oneza, "Mwanangu, na bwana yuko wapi?"

Akanyoosha kidole chenye hina mbichi. "Yusufu? Ndiye yule."

Nikageuka. Ya Rabi! Mzee, ndevu nyeupe mpaka kifuani, mgongo umepinda, anatembelea bakora. Anakohoa.

Hapo ningenyamaza. Lakini mnanijua, mimi sinyamazi. Nikasimama na hina yangu mkononi, nikapaza sauti.

"Hamumwogopi Mungu? Mtoto mbichi kama huyu mnamwoza kizee kilichobakisha kaburi? Na wewe babu, huoni haya? Ndevu zote hizo nyeupe, watafuta mke au watafuta muuguzi?"

Kondoo peke yake ndiye aliyejibu.

Kisha Yusufu akazivua ndevu. Wallahi alizivua! Pamba tupu. Chini yake kijana hajaota hata masharubu. Akasema kwa adabu zake, "Shangazi, mimi ni Mutua. Huyu ni dada yangu. Tunafanya mazoezi ya igizo la Krismasi."

Nikamtazama bibi harusi wangu. Kumbe ni Maria! Bibi Maryamu mwenyewe, nimempaka hina mikono na miguu kama anaingia ukumbini. Na mtoto wa kitambaa keshalazwa kwenye majani pale pembeni, mimi simuoni. (Mwalimu wa kwaya alikuwa kweli ameahidi kuleta mama wa kumpamba Maria kama watu wa zamani. Mama huyo hakutokea. Nikatokea mimi.)

"Na hii inatoka lini?" Mama Mutua akaniuliza.

"Baada ya wiki mbili."

"Igizo ni keshokutwa!" Alicheka mpaka akakaa chini.

Basi nyumba ya harusi iko wapi? Ni ya pili yake, zimeshikana ukuta. Giza tupu. Taa zao wamewaazima jirani kwa leo wafanyie mazoezi, kesho asubuhi warudishiwe.

Nikaingia kichwa chini, hina sina, nimebaki na kikapu. Bi Khadija amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Zena, bibi harusi, mtu mzima wa miaka arubaini na harusi yake ni ya pili, ameketi kitandani ananingoja tangu alasiri.

"Niwieni radhi, nilipotea nyumba..."

"Tumekusikia," akasema Zena.

"Mmesikia nini?"

"Yote. Ukuta si huu mmoja? Shangazi alidhani umefika kwetu, watutukana sisi."

Sikuelewa kwa nini wadhani hivyo. Bi Khadija akanipa picha ya bwana harusi. Shoga zangu! Miaka sitini na ushei. Ndevu nyeupe mpaka kifuani. Na bakora anayo.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikapiga magoti nikamwomba Zena msamaha, nikajua kazi ya Changamwe ndiyo imekwisha kabla ya kuanza. Zena akaangua kicheko.

"Mzee huyo nimemtaka mwenyewe. Wa kwanza alikuwa kijana, nikayaona. Haya, inuka. Mama Mutua kaenda dukani kukununulia hina nyengine. Iroweke, unipake kumshinda Maria. Na kesho bwana wangu akija, mlango utamfungulia wewe. Umtazame usoni, umwambie yale ya ndevu."

Hatanii, nimeshaambiwa hata nguo ya kuvaa. Basi kesho nitasimama mlangoni kumpokea mzee wa watu. Nanyi mkicheka, wallahi, Idi ikija mtafute mpakaji mwengine.

Mishi wenu