Nyumba ya Akina Wivine, kwa Kidole Changu

Jumatatu, 3 Juni
Taifa lisimame! Leo mimi, Polycarpe Kabemba, karani, baba wa watoto wakubwa, nimechora kuku kwa kidole kwenye simu na kumtuma katika grupu yetu ya WhatsApp, ya tuliosoma pamoja shule ya Dilala. Ntambwe, mkuu wa grupu, akauliza kama huyo ni mbuzi aliyelala. Wote wakacheka. Hata Fidélie, mke wangu, na yeye hayumo grupuni.

Wivine hakucheka. Zamani ndiye aliyetuchekesha darasa zima. Tangu amzike mumewe kule Lubudi, haandiki neno. Jumapili hii grupu zima tunakutana, na Ntambwe anasema tumwache apumzike. Mi sikubali.

Jumanne, 4 Juni
Mpango! Pole zetu za maandishi hazikumgusa. Basi nitamchorea nyumba yao ya zamani, ya kampi ya mgodi. Mlango, dirisha, mpapai, ngazi ambapo mama yake alikaanga bitumbula, maandazi yetu ya mviringo. King'ora cha mgodi kikilia, tulikuwa tunakimbilia pale kabla baba zetu hawajafika. Nimechora huku natabasamu. Uji umeungua.

Jumatano, 5 Juni
Nimetuma. Balaa! Nimesahau kwamba kampuni ilijenga nyumba zote sawasawa. Tshibola akanishukuru kwa kuchora kwao. Ruffin akasema hapana, ni kwao, mpapai anaujua. Ntambwe akadai mlango ni wa baba yake. Sote tulikuwa na mlango ule!

Sasa kila mtu anachora. Baiskeli ya baba, kofia ya mgodini, beseni la kuogea. Ntambwe kachora mbwa wao wa zamani. Nikauliza kama ni meza. Raha iliyoje.

Isipokuwa Wivine.

Ijumaa, 7 Juni
Wivine ameandika! Neno moja: "Nakuya." Anakuja Jumapili! Nyumba yangu imeshinda! Nimemwambia Fidélie, jirani, na mwenye pikipiki ya taxi-moto. Huyu wa mwisho hakuuliza.

Jumapili, 9 Juni
Ukweli ni huu. Wivine amekuja. Amekonda, lakini kicheko ni kile kile. Nikamuuliza, mbele ya wote, mchoro upi umemleta. Nikanyoosha kola.

"Tata Polycarpe, nyumba sikuiangalia hata. Ni ile imbwa ya Ntambwe. Yenye ilikuwa inaiba bitumbula ya mama. Nilicheka mupaka nikalia."

Ntambwe akainama kama askofu. Wivine akatusimulia mbwa yule alivyokimbia na kikaango shingoni, na tukalia machozi sote, hata mi.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni thabiti: kuanzia kesho najifunza kuchora mbwa. Mbwa wa kweli. Ntambwe atanitambua.