Vita Dhidi ya Tundu la Ekseli

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimetangazwa! Baba mkwe anataka kuvushwa mto Jumamosi akaone shamba lake jipya. Atapanda gari moja tu: langu, au la mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu. Atakayemvusha ndiye mkwe. Mwingine atabaki mtu aliyeoa tu.

Jioni mwanyumba akapita kujitapa. Eti ekseli zake zinapumua! Nilicheka hadi nikapaliwa. Nimesoma kabati zima la vitabu, sijakutana na chuma chenye mapafu.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nzima chini ya gari. Tope machoni. Juu ya ekseli ya nyuma nikaona kidude chenye kofia. Mahali pa kutilia grisi, bila shaka. Nikakishindilia grisi.

Fundi wangu alipokuja akapiga kelele kwamba hicho ndicho kipumulio, nimemziba mgonjwa pua. Akaeleza: gari likikimbia ekseli hupata joto, hewa ya ndani hutanuka na kutokea hapo. Likiingia kwenye maji baridi, hewa hunywea na ekseli huvuta chochote kilicho karibu. Kwa hiyo nisafishe tundu, nivalishe mpira mrefu wa bomba, niupandishe hadi kwenye injini, maji yasikofika. Kama alivyofanya mwanyumba wako, akaongeza. Angenyamaza kabla ya hapo tungebaki marafiki.

Jumatano, 5 Machi

Kumwiga mwanyumba? Heri nitembee kwa miguu! Nimefikiri kwa kina. Maji hupita tunduni. Pasipo tundu, hapapiti maji. Mantiki safi, haina pa kukamatia.

Nimeng'oa kofia, nimechomeka kipande cha kandambili, nimemwaga gundi juu. Kisha nimeandika kurasa tatu za kuwakomesha watetezi wa matundu. Nikamsomea mke wangu. Akauliza kama ekseli nayo imesikia.

Ijumaa, 7 Machi

Safari ya majaribio. Oili imechuruzika kwenye gurudumu la nyuma. Fundi anasema hewa imekosa mlango, imesukuma oili kupitia kwenye sili, ile pete ya kuzuia oili isivuje. Nikamjibu: kumbe kizibo changu ni imara! Akashika kiuno, akaangalia mbingu.

Mwanyumba kaleta kipande cha mpira, eti bure, ndugu yangu, tusaidiane. Matusi gani haya! Nimekikataa kwa hotuba. Nimefuta gurudumu.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Baba mkwe kachagua langu, kwa kuwa kiti chake ni laini. Mwanyumba akafuata nyuma kama mkia.

Barabara ndefu, jua kali, ekseli moto. Tukaingia mtoni. Katikati nikasimama, maji yamefunika ekseli, nikamfafanulia mzee nadharia yangu. Alisikiliza kwa adabu, miguu ameinua.

Tukavuka. Kwenye mlima ekseli ikaanza kulia kama fisi mwenye njaa. Mwanyumba akalegeza boliti ya chini. Ikatoka chai ya maziwa! Oili na maji, vimechanganyika barabara. Ekseli ilikosa pua, ikanywa mto mzima kupitia kwenye sili ileile.

Baba mkwe akahamia gari la mwanyumba na mkongojo wake. Akaniambia kwa upole: mwanangu, kwetu kisichopumua huzikwa.

Jumapili, 16 Machi

Nimesamehewa! Sili mpya, oili mpya, mpira nao fundi ameufunga nikiwa nimegeuka upande. Baba mkwe kasema leo nimrudishe shambani, mimi, peke yangu, mwanyumba anaumwa mgongo. Heshima yangu yote iko barabarani.

Sasa nimeelewa kosa langu. Nilipigana na tundu dogo nikaacha kubwa! Jana, katika kuchunguza, niligundua kifuniko cha tangi la petroli nacho kina tundu. Fundi anadai ni la kuingizia hewa, eti petroli ikipungua bila hewa kuchukua nafasi yake, injini itakosa mafuta na kuzimika njiani. Hawa watu na hewa yao!

Gundi imeshakauka. Mzee ameshakaa kiti cha mbele. Tunaondoka.