Ombi la Kuacha Kufa Upande wa Wajerumani

Ilula, 3 Agosti 1975

Kwako Ndugu Katibu, Kamati ya Kumbukumbu ya Vita,

Kamwene. Mimi ni Anyitike, mfyatua matofali, mzaliwa wa Tukuyu, mkazi wa hapa mwaka wa sita sasa. Nakuandikia kwa heshima na kwa mgongo unaouma. Kila Agosti mnapoigiza jinsi wazee wenu walivyompiga Mjerumani, Mjerumani huwa ni mimi. Miaka mitatu nimenyamaza. Wa nne huu nasema.

1. Kamati imepanga maiti sitini. Wahehe wote mia mbili na kumi wamekataa kuwa Wajerumani hata kwa dakika moja, ndipo mkatushika sisi wageni watano. Sitini kwa watano ni kumi na mbili. Basi nakufa, natambaa hadi nyuma ya kichuguu, nainuka, nakuja kufa tena, mara kumi na mbili. Mwaka jana kifo cha tisa nilianguka kwa uchovu tu, mkuki haujafika, na Ndugu Ezekia wa kamati yako akaniambia, "Wewe Mnyakyusa, rudia, hukufa vizuri."

2. Mnatupaka usoni unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ati tuonekane Wazungu. Mzungu wa njano mimi sijamwona. Halafu maiti haziruhusiwi kuinuka mpaka mgeni rasmi amalize hotuba. Mwaka jana alieleza kilimo cha kufa na kupona kwa saa mbili na dakika kumi. Sisi tuliokwisha kufa, huko kupona hakukutuhusu; tulilala juani kuku wa Mwenyekiti wakitudonoa mashavu. Nilihesabu saba.

3. Hili ndilo linaloniuma. Anayenichoma mkuki ni Mzee Kalinga, baba yake Lusia, na kwa huyo Lusia nimepeleka posa mara tatu. Kwetu wakwe huheshimiana hata kivuli. Huyu ananikanyaga kifuani na kuimba. Posa ya tatu mshenga wangu, Mama Yudith, alijibiwa: "Huyo nimemuua mara thelathini na sita kwa mkono huu. Nimpeje binti?" Hesabu yake ni sahihi, na ndiyo shida yenyewe. Nasikia fundi cherehani mmoja wa Ipogolo keshaanza kumuulizia Lusia.

Kwa hiyo naomba nihamishiwe upande wa washindi. Ushujaa sitaki, nipeni hata kubeba maji. Ikishindikana, maiti zipunguzwe ziwe tano, kila mtu afe mara moja kama binadamu. Na hilo likishindikana, basi mwaka huu Wajerumani washinde, mara moja tu, Mzee anione nimesimama. Mwakani mtarudisha ilivyokuwa.

Nisalimie wanakamati, wapiga ngoma, akina mama wa jikoni, na kuku wote wa Mwenyekiti isipokuwa yule jogoo mwekundu.

Wako katika kulijenga taifa,
Anyitike
Marehemu Na. 1

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mama Yudith amefika mbio. Alimtisha Mzee kwamba nahama upande, na Mzee amepokea posa hapo hapo. Amesema umri wake si wa kuanza kumzoea Mjerumani mwingine. Juzi mazoezini walimjaribisha mgeni mwenzangu Saulo mahali pangu, akaanguka kama gunia la viazi. Sharti ni moja: mkwe aendelee kufa. Basi futa yote niliyoandika juu, ila kuku wafungwe. Na maiti, kamati ikipenda, ziwe themanini.