Mimi Peke Yangu, Darasa Zima

Jumatatu, 3 Novemba 1958. Thika.

Nimeamua. Nitafanya mchezo jukwaani, peke yangu. Mwalimu ni mimi, wanafunzi wote ni mimi, mkaguzi wa shule ni mimi. Jina lake: Mwalimu wa Makongeni, kwa heshima ya mtaa wetu. Hakuna mtu aliyewahi kufanya jambo kama hilo tangu Mto Chania uanze kutiririka.

Sababu ni nzito. Mpwa wangu Ngina, mtoto wa dada yangu, ambaye nakaa kwake kwa muda (muda umekuwa mrefu kidogo), anafundisha watoto wa wafanyakazi katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa. Wiki ijayo kamati ya kanisa itaamua kama darasa litaendelea mwakani au litafungwa. Likifungwa, wale watoto hawana pa kwenda. Shule nyingine zimejaa. Ngina hali vizuri siku hizi. Jana aliacha ugali nusu. Nikaumalizia kwa huzuni.

Watu wakiona mchezo wangu watacheka, watalia, na kamati itaona haya kufunga. Nani anaijua kazi ya ualimu kuliko mimi, Nzau? Nimefundisha miaka kumi na miwili. Ngina anasema nilimshikia darasa siku chache tu, alipougua malaria. Siku za mwalimu hodari hazihesabiwi hivyo.

Jumatano, 5 Novemba.

Ngina amekataa. Ati, "Mjomba, tafadhali, nyamaza tu. Wewe ukinyamaza tutapona." Nikamweleza habari za vita vya Burma, nilivyofundisha kikosi kizima kusoma, mabomu yanaanguka, na chui amekaa nyuma kabisa, ametulia, anasikiliza. Akasema Burma sikufika, nilikuwa napikia wanajeshi kule Gilgil. Vijana wa leo!

Tena kuna shida ya kibali. Siku hizi za hali ya hatari watu hawakusanyiki hivi hivi. Mkutano unataka karatasi ya Bwana DO, yule Mzungu wa serikali, na Bwana DO hanipendi tangu nilipomsahihisha Kiswahili chake barabarani, askari wake wakisikia. Ndung'u mpiga kodiani alicheka mpaka akashika ukuta. Ati yeye mwenyewe alinyimwa kibali, na ana kodiani. Mimi nina nini? Nikamwambia nina kichwa. Akasema hata kabeji ina kichwa.

Alhamisi, 6 Novemba.

Njia nimeipata! Ibada haihitaji kibali. Kila Jumamosi alasiri wale waliookoka hukutana kanisani, na mtu husimama akasema maisha yake mbele ya wenzake. Basi nikaenda kwa Mzee Gachanja, mwenyekiti wa kamati yenyewe. Nikavua kofia. Nikasema nina neno la kusema mbele ya watu, habari ya ualimu, na litachukua saa nzima.

Mzee akanishika mikono yote miwili. Machozi yalimlengalenga. Akasema wamekuwa wakiniombea tangu mwaka jana. Mimi! Sikujua watu wa kanisa wanapenda michezo kiasi hicho.

Jumamosi, 8 Novemba.

Kanisa lilijaa hadi madirishani. Nilikuwa nimebeba ubao wa Ngina na kengele yake bila kumsumbua kumwomba. Nikaanza kwa sauti kubwa: "Mimi ni mwalimu katika darasa la Ngina!"

Kisha nikaingia darasani napepesuka, na pombe ya muratina nimeificha ndani ya chupa ya wino. Nikalala juu ya meza nikakoroma. Nikawa mtoto mdogo anayeniamsha. Nikawatuma watoto wote wakanilimie viazi. Nikafundisha kwamba Chania huanzia baharini ikapanda mpaka Mlima Kenya. Nikacharaza hewa kwa kiboko, halafu nikalia mwenyewe, kila mtoto kwa sauti yake.

Nikangoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Unasikia mabati ya paa tu yakilia kwa joto la jua. Ndipo Waithira, muuza maharagwe, ambaye mwanawe yumo darasani mle, akasimama huku analia, akasema, "Ndugu, Bwana akusamehe!" Wote wakainuka. Wakaimba. Wakanikumbatia mmoja mmoja. Nikainama kama wanavyoinama wachezaji wa Kizungu, nao wakapiga magoti.

Ngina alikuwa amesimama mlangoni. Hakuimba.

Jumapili, 9 Novemba.

Ngina amenieleza. Hakuna aliyeona mchezo. Wameona mtu anayetubu. Mzee Gachanja ameshamwuliza ilikuwaje akamwachia mlevi watoto wa watu.

Akasema, "Mjomba, kesho kutwa kamati inakaa. Njoo uwaambie ulitunga. Neno moja tu. Nimekulisha miaka miwili, sijakuomba kitu." Alisema polepole. Heri angepiga kelele.

Nimeahidi. Mimi nikiahidi nimeahidi. Waulize watu wa Burma.

Jumanne, 11 Novemba.

Nilikwenda na lile neno tayari mdomoni. Lakini Mzee Gachanja akanikalisha kwenye kiti chenye mgongo. Nikapewa chai ya maziwa mengi. Akasema amesikia watu wengi wakitubu, ila hajaona mtu aliyejianika kama mimi. Wazee wakaitikia. Mmoja akasema hakulala.

Kisha akauliza, "Ndugu Nzau, yote uliyosema ni kweli?"

Ngina akanitazama.

Sasa mtu afanye nini? Niseme nilifundisha siku chache tu? Niseme siku hizo nilikaa kimya kwa woga, na watoto wenyewe ndio walionionyesha ukurasa, kisha wakasoma vizuri bila mimi? Mbele ya wazee wanaoniita ndugu? Mtu hajaitwa ndugu miaka mingi!

Nikasema ndiyo, ni kweli. Nikaona wazee bado wananingoja, nikaongeza kwamba niliuza madawati.

Ngina akafumba macho. Wakamwuliza kama yeye pia atatubu, kwa kumwachia darasa mtu kama huyo. Wengine walimsihi, aseme tu yaishe. Akajibu kwamba hawezi kutubu jambo ambalo halikutokea, hata kama ndiyo njia ya kuliokoa darasa. Mzee Gachanja akasema moyo mgumu ni jambo la kusikitisha. Wakainua mikono. Darasa limefungwa, tena si mwakani. Kuanzia sasa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilimwambia chai yao ilikuwa nzuri. Akaongeza mwendo.

Jumatano, 12 Novemba.

Watoto walikuja asubuhi kama kawaida. Walikuta mlango umefungwa kwa kufuli ya kamati. Wakakaa chini kwenye mistari ile ile wanayokaa ndani, wakubwa nyuma, wadogo mbele. Ngina akawaita kwa majina, mmoja mmoja, akawaambia waende nyumbani. Syombua, mdogo kuliko wote, akauliza kesho waje saa ngapi.

Ngina akageukia ukuta. Mabega yake yalitikisika bila sauti. Watoto wakangoja jibu. Kisha wakaondoka, nao bila kelele, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa watoto.

Mimi nilikuwa kando ya choo cha kanisa, nikitazama kwa makini sana.

Jumamosi, 15 Novemba. Ruiru.

Habari zangu zimefika mbali! Waliookoka wa Ruiru wameniita nikaseme kwao. Nimekuja na lori la kahawa, nimekaa mbele na dereva. Kanisa lao ni kubwa kuliko la Thika mara mbili, na lina jukwaa la mbao. Ndung'u na kodiani yake hawajawahi kupanda mbao kama hizi.

Mchezo ule ulikuwa na upungufu, sasa nimeuona. Ulikosa mwanamke. Leo naongeza mwalimu wa kike anayeulizwa swali na mtoto, akageukia ukuta. Nimejaribu hapa nyuma ya kanisa. Siri yote iko kwenye mabega; ukitoa sauti umeharibu. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walisimama, mmoja akaniuliza nimefiwa na nani.

Ruiru italia. Jumatatu nikirudi nitamwonyesha Ngina mwenyewe, pale jikoni, aniambie kama nimempata.