Keki ya Boga kwa Bwana Masinde

Jumatatu, 5 Oktoba 1964

Nafasi ya karani mkuu iko wazi! Mzungu aliyeikalia ameondoka, yeye na mbwa wake. Tumebaki wawili wa kufikiriwa: mimi na jirani yangu Erastus. Erastus! Mtu anayelamba stempu kama anakula asali. Atakayeamua ni mkubwa wetu mpya, Bwana Masinde, aliyerudi majuzi kutoka masomoni Amerika.

Leo nilipita mlangoni kwake polepole sana, na faili lisilo na kazi. Alikuwa akimsimulia mgeni kwamba kule, ifikapo Oktoba, majani ya miti huanguka, na kila nyumba aliyoalikwa aliwekewa keki ya boga yenye mdalasini. Kila nyumba! Kila mwaka! Hapo Erastus akatokea na chai, ikabidi niendelee na safari. Lakini nilikuwa nimesikia ya kutosha. Maskini, anaikumbuka keki yake. Nimemwalika Jumapili. Amekubali!

Jumatano, 7 Oktoba

Nimegombana na Namalwa. Mke wangu anataka tuchinje jogoo. Anasema mgeni wa heshima huandaliwa ingokho, kuku wa kwetu, na firigisi huwekwa mbele yake yeye, si mbele ya mtu mwingine. Nimemwambia jogoo atabaki hai. Mtu aliyepanda ndege atababaishwa na firigisi?

Nimechukua boga lililokuwa juu ya ghala. Kumbe ni la mbegu. Namalwa alisema neno moja la Kiluhya ambalo sitaliandika hapa.

Ijumaa, 9 Oktoba

Jaribio la kwanza. Boga lililopondwa, unga wa ngano, mayai, sukari, mdalasini. Sufuria jikoni, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Matokeo: juu mkaa, katikati uji.

Lakini harufu! Nyumba nzima ilinukia. Mvua inapiga mabati, mimi nimechuchumaa kando ya jiko, mdalasini unapanda puani. Sikujua kuoka kuna raha namna hii. Nilikula ile ya katikati kwa kijiko, yote.

Jumamosi, 10 Oktoba

Keki ya pili imeiva! Ya rangi ya udongo wa barabarani, na laini. Sasa shida ni majani. Keki hii huliwa majani yakianguka, na hapa Kakamega kila kitu ni kijani.

Ofisini nilimkuta Kipruto, askari wa msitu wa Isecheno, ameleta barua. Nikamuuliza majani huanguka lini. Akauliza ya mti gani. Nikasema ya miti yote, kwa pamoja. Akaniuliza kama nimekunywa dawa ya malaria. Sielewi. Mtu analala msituni na hajui habari za majani! Basi, nitayaangusha mwenyewe.

Jumapili, 11 Oktoba

Siku ya ajabu. Asubuhi nilipanda mpera na kuutikisa mpaka uwanja ukajaa majani. Maridadi! Niliingia kunawa, nikatoka: Namalwa amefagia. Nikapanda tena. Akafagia tena. Mara ya tatu nikarusha ufagio juu ya paa. Namalwa akasema mgeni akikuta uwanja huu atamcheka yeye, si mimi. Nikamwambia asubiri aone.

Bwana Masinde alifika, akasimama langoni. Aliyatazama majani. Akavua kofia. Akauliza kwa sauti ya chini ni nani mgonjwa, hata uwanja haukufagiwa, au tumefiwa? Nikajibu kwa furaha kwamba ni majani tu. Akanishika bega, akanipa pole. Pole ya nini?

Nikaleta keki. Aliitazama muda mrefu, kisha akatazama mlango wa jikoni. Akala kipande kidogo kwa maji mengi, akatazama tena jikoni. Jogoo akapita mlangoni akiwika. Bwana Masinde alimfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya choo. Halafu akaaga, akampa Namalwa pole zaidi, akaondoka kupitia njia ya kwa Erastus. Punde nikasikia kuku akilia upande ule. Mara moja tu.

Jumatatu, 12 Oktoba

Erastus ndiye karani mkuu! Imeniuma mpaka machozi yakanitoka mbele ya tarishi. Niliitaka sana nafasi ile.

Bwana Masinde aliniita. Akauliza mgonjwa wetu anaendeleaje. Kabla sijajibu, akanipa ruhusa ya siku tatu nikamuuguze. Kisha akasema taratibu kwamba kule Amerika alilishwa boga mpaka akawa anaota obusuma, ugali wa kwetu, na kuku, na kwamba jana, kwa Erastus, aliwekewa firigisi ya kwanza tangu arudi.

Namalwa anasema ningeacha uwanja ukiwa umefagiwa, nikachinja jogoo, leo ningekuwa mkubwa wa Erastus. Mwanamke huyu haelewi mambo ya ofisi.

Mimi nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Keki haikuwa na firigisi! Mwenye hoteli ya sokoni amenipa nne, na zinachemka ninapoandika haya. Mdalasini umebaki. Siku tatu zinatosha kuoka. Ufagio bado uko juu ya paa, na mpera, nimeuangalia, una majani mengi upande wa choo.