Lijamu la Marehemu Pantelie

Jumatatu, 2 Januari
Hakuna farasi wa kijiji hiki aliyewahi kunikataa. Sawa, watatu. Wa nne ni huyu Vidra, jike la miaka mitatu, mdomo wake una maringo kuliko bibi harusi anayeonja supu ya mama mkwe. Leo nimejaribu lijamu, kile chuma cha mdomoni cha kumwongozea farasi, lililonyooka. Nikasahau kulipasha joto kwapani. Kwa baridi hii chuma hunata kwenye ulimi. Akanipiga kichwa puani. Damu kidogo. Yangu.

Binti yangu Safta kasema Vidra asipovaa lijamu kufikia Ijumaa, Epifania, padri anaponyunyizia farasi maji kabla ya mbio, basi anamwita mnunuzi wa nyama. Nikamwambia asinitishe. Akasema hanitishi mimi, anamtahadharisha farasi, maana mwenye akili hapo ni mmoja.

Jumanne, 3 Januari
Lijamu lenye kiungo katikati. Linabana ulimi kama koleo na kumgonga kaakaa. Nikalipaka jamu ya plamu. Kalamba jamu yote, katema chuma, kanitazama kuuliza kama imebaki.

Jumatano, 4 Januari
Nimepata dawa. Jirani yangu Pantelie, aliyenishinda mbio miaka kumi na moja kwa ubishi tu, alikufa mwezi uliopita. Arobaini yake bado. Lijamu lake linaning'inia zizini kwake: la shaba, vipande vitatu, cha katikati kidogo, cha mviringo, hulala juu ya ulimi bila kubana.

Kwetu, kitu cha marehemu hutolewa na mjane kwa mkono, nawe unajibu, "Mungu amsamehe." Ndipo kinakuwa chako. Bila hivyo bado ni chake. Lakini Zamfira, mjane wake, ana maneno mengi. Nikapitia nyuma ya zizi akiwa kanisani. Si wizi, ni kuwahi.

Zizi halina mnyama tangu mazishi. Lijamu lilikuwa la moto. Tena limelowa mate, kama limetoka mdomoni mwa farasi sasa hivi.

Vidra alifungua mdomo kabla sijamfikia.

Alhamisi, 5 Januari
Ukungu. Nimempanda. Mpole ajabu, anatafuna shaba, shingo imelegea. Tatizo: navuta kushoto, anakwenda anakotaka. Kwenye msalaba wa njiani kasimama, muda wa mtu kuvua kofia na kuivaa tena. Mimi sikuvua. Kisha masikio yakageukia nyuma, kama anayesikiliza, na nilikuwa kimya. Akaanza mchakamchaka kana kwamba kaambiwa.

Kasimama langoni kwa Pantelie. Zamfira akatoka na ndoo ya maji, bila hata koti, akamnywesha. Ndipo akaniona.

"Kumbe ni wewe, Ilarie. Nimesikia shaba ikitafunwa, nikajua amerudi."

Akauliza nimelitoa wapi. Nikasema mjini.

"Basi lirudishe huko mjini kabla mwenyewe hajalifuata. Au niombe nikupe, useme neno lako, yaishe."

Nikasema nina haraka.

Ijumaa, 6 Januari
Nimeshinda. Ukweli, Vidra kashinda. Mimi nilikumbatia shingo. Mikono yangu miwili ilikuwa kwenye manyoya yake, na hatamu zilikuwa zimekazwa.

Hakusimama mwisho wa mbio. Akanipeleka hadi makaburini, akasimama kwenye udongo wa Pantelie, akainamisha kichwa. Padri akatufuata huko, kanzu imejaa theluji, akamnyunyizia farasi, akaninyunyizia mimi, kisha akanyunyizia nyuma yangu. Nikamuuliza huko nyuma kuna nini.

"Mzee, mimi nimehesabu watu wawili," akasema, akaondoka bila kugeuka.

Safta hamuuzi tena. Anampa karoti na kunitazama mimi kwa mashaka.

Jumamosi, 7 Januari
Zamfira kaja. Kasema ni maneno mawili tu, hata mtoto anayaweza. Nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria. Nikiyasema, Pantelie ataondoka, na mwakani nitashinda na nani? Halafu tandiko lake bado liko zizini, la ngozi laini, na kesho Zamfira ataenda kanisani.

Sasa Pantelie, kwa kuwa unasoma juu ya bega langu na pumzi yako inakausha wino vibaya: nilibeba jeneza lako mpaka kilimani, kona ya nyuma, ile nzito, na wewe hukuwa mwembamba. Hujanishukuru. Nakuomba kitu kidogo tu. Kesho tukipita kilabuni, simamisha farasi. Wewe hukuwa mnywaji, mimi ni mnywaji, na umeshanipitiliza mara tatu.